Sahihisha hesabu bila kufuta kosa

Nimetoka kumsaidia mdogo wangu na milinganyo, na usiku mzima tuliupoteza kwenye hatua ya tatu kati ya hizi nne za kusahihisha. Hizo nyingine ni nyepesi.

1. Daftari na kalamu ya wino. Ufutio uweke mbali kabisa. Wapo wanaosisitiza penseli. Mimi siitaki, maana kosa likishafutwa huna tena cha kuchunguza.

2. Fanya maswali kumi ya mada moja, yenye majibu nyuma ya kitabu. Usichungulie mfano.

3. Linganisha na majibu ya kitabu, na kwa kila swali ulilokosa tafuta mstari ulioharibika. Usikimbilie kunakili njia sahihi, ndicho tulichokuwa tukifanya, na swali lililofuata tukakosa vilevile. Mdogo wangu aliandika:

5 − 2(x − 3) = 7
5 − 2x − 6 = 7
−2x = 8
x = −4

Kitabu kinasema x = 2. Basi iweke hiyo 2 katika kila mstari. Wa kwanza unakubali: 5 + 2 = 7. Wa pili unakataa: 5 − 4 − 6 ni −5. Kosa limelala hapo katikati, na huna haja ya kugusa mistari ya chini.

Angalia mambo mawili. Swali likiwa na majibu zaidi ya moja, pima kwa yote. Kwenye x² = 2x, ukigawanya pande zote kwa x unabaki na x = 2, na kila mstari utaikubali 2; ukipima kwa 0 ndipo utaona kuwa umeitupa. Na kwa maswali ya kurahisisha, ambayo hayana jibu la kuweka, chagua namba yoyote isipokuwa 0 na 1, kwani hizo huficha makosa. Aliyeandika (x + 3)² = x² + 9 akipima kwa 0 atapata 9 pande zote, aende kulala ameridhika. Kwa 2 angepata 25 na 13.

Kisha andika sababu pembeni. “Uzembe” si sababu. Andika: “2 ya nje imezidisha −3, nikasahau kwamba ni −2.”

4. Baada ya siku tatu, lirudie swali kwenye karatasi tupu, ukilichanganya na ya mada nyingine. Likikaa peke yake utakumbuka jibu tu.