Sorceress wa barafu katika Diablo II: kutoka Normal hadi Hell bila kukwama

Diablo II, gemu ya kompyuta ya kupigana na mashetani, ilitoka Juni 2000, kazi ya Blizzard North ya California, na nyongeza yake, Lord of Destruction, ikafuata mwaka 2001. Hadi leo watu hawajaiacha, na sababu kubwa ni hii: humo deraya nyeupe, yaani ya kawaida isiyo ya kichawi, ambayo mgeni anaipita chini bila kuitazama, mkongwe anaiokota mbiombio. Ukielewa ni kwa nini, umeielewa gemu nzima. Njia nzuri ya kujifunza ni kumchukua Sorceress, mchawi wa kike, kwa kuwa anaanza bila zana za maana na bado anafika mbali.

Cheza Resurrected, toleo la 2021. Kwenye kompyuta, ukibonyeza G unarudi kwenye picha za zamani papo hapo. Ukitumia toleo la zamani peke yako bila mtandao, fahamu kwamba maneno ya runi (runi ni vijiwe vinavyoingizwa kwenye matundu ya zana kwa mpangilio maalumu) ya Spirit na Insight yaliwekewa ladder tu, mashindano ya msimu ya mtandaoni. Utapanga runi zako sawasawa na hakuna kitakachotokea. Na uwe mwangalifu na mwongozo wowote wa kabla ya 2003: toleo la 1.10 ndilo lililofanya uwezo mmoja uongeze nguvu za mwingine, kwa hiyo mipango ya kabla yake haifai tena.

Usianze na barafu. Uchawi wako mkuu wa barafu, Blizzard, unafunguka leveli ya 24. Mwanzoni weka pointi kwenye Fire Bolt, moja Warmth ili mana, nguvu ya kurushia uchawi, irudi haraka, kisha ukifika 12 mimina zote Fire Ball. Njiani chukua pointi moja moja: Static Field na Telekinesis leveli ya 6, Teleport leveli ya 18. Static Field inakata robo ya uhai uliobaki wa adui kila unapoitumia, kwa hiyo mabosi wa Normal, daraja la kwanza la ugumu, huyeyuka. Katika Nightmare, daraja la pili, inagota uhai ukibaki asilimia 33 na katika Hell, la tatu, ukibaki 50.

Kamilisha Den of Evil, kazi ya kwanza ya gemu, mapema. Akara, aliyekupa kazi hiyo, atakupa pointi moja ya uwezo na nafasi ya kufuta pointi zote uzipange upya. Nafasi hiyo haipotei, itunze hadi leveli ya 26 hivi. Hapo hamia barafu: ijaze Blizzard kwanza hadi 20, kisha Glacial Spike, Ice Blast na Ice Bolt, na Cold Mastery ukifika 30. Teleport usiisahau. Kwa upande wa mwili, Strength weka ile tu inayohitajika kuvaa zana, Energy iache, zilizobaki zote Vitality. Kila pointi ya Vitality inampa Sorceress uhai 2.

Sasa tuje kwenye zile zana nyeupe. Nenda Forgotten Tower, iliyo ndani ya Black Marsh, ushuke hadi ghorofa ya tano umuue Countess wa Normal. Yeye hudondosha runi za chini, kuanzia El hadi Ral. Unatafuta Tal na Eth. Ziingize kwa mpangilio huo huo, Tal kwanza, kwenye deraya isiyo ya kichawi yenye matundu mawili kamili, upate Stealth, inayovaliwa leveli ya 17. Ukianza na Eth, au deraya ikiwa na matundu matatu, au ikiwa ya bluu, neno halitokei. Kuzitoa runi kunahitaji runi ya Hel na hati ya Town Portal ndani ya Horadric Cube, sanduku la kuchanganyia vitu, na runi zenyewe zinateketea.

Stealth inakupa asilimia 25 ya kasi ya kurusha uchawi, na hapa ndipo wengi hupoteza bila kujua. Gemu inakwenda kwa fremu 25 kwa sekunde, na kasi hupanda kwa ngazi. Bila kitu, Sorceress anatumia fremu 13 kurusha uchawi mmoja. Akifika asilimia 9 anatumia 12, 20 anatumia 11, 37 anatumia 10, 63 anatumia 9, 105 anatumia 8. Baina ya 63 na 104 huongezi chochote. Pete ya asilimia 10 inayokupeleka kutoka 70 hadi 80 ni mzigo. Afadhali uvae ya kinga.

Kinachokupandisha ngazi ni Spirit: Tal, Thul, Ort, Amn, kwenye upanga au ngao yenye matundu manne. Inaongeza uwezo wote kwa 2 na kasi kwa asilimia 25 hadi 35. Runi zikikosekana, Cube hugeuza Ral tatu kuwa Ort, Ort tatu kuwa Thul, na Thul tatu pamoja na Chipped Topaz kuwa Amn. Kwa upanga, chukua Crystal Sword uliodondoshwa na ng'ombe wa eneo la siri la Normal, umpelekee fundi Larzuk baada ya kazi yake ya kwanza: atautoboa manne. Uliotoka Hell atautoboa sita, na hapo haufai tena kwa Spirit. Ngao ni Monarch, inayodai Strength 156.

Ajiri mpiganaji wa Act 2, sehemu ya pili ya gemu, kwa Greiz na umpe Insight: Ral, Tir, Tal, Sol kwenye polearm (silaha ya mpini mrefu) yenye matundu manne. Mana yako haitakauka.

Kabla ya Hell, hesabu kinga dhidi ya moto, baridi, umeme na sumu. Hell inapunguza 100 na kikomo ni 75. Hati ambayo Anya hukupa ukimwokoa inaongeza 10 katika kila daraja, hivyo ukiwa na mbili bado unahitaji 155 kutoka kwenye zana. Huko pia utakutana na maadui wasiodhurika na baridi. Usibishane nao, wapite kwa Teleport. Fanyia kazi Ancient Tunnels, ndani ya Lost City, ambako maadui wa kawaida wote baridi inawapata, na Mephisto, bosi wa Act 3: mvute hadi ukingoni mwa handaki, ruka upande wa pili, umnyeshee Blizzard akiwa pembeni mwa skrini. Ukimkaribia zaidi anakuona na kukurushia uchawi wake.