Unaenda Tokyo na unataka sushi ya maana? Panga haya kabla hujatoka hotelini

Mtu akishajua anatua Tokyo, iwe kaenda kutafuta magari ya kuleta nyumbani, kozi ya JICA (shirika la misaada la serikali ya Japani) au kutembea tu, lazima aulize sushi nzuri iko wapi, na anategemea umtajie mgahawa mmoja aandike kwenye simu, biashara iishe. Sasa pale jina halikusaidii sana. Mgahawa maarufu kuliko yote, Sukiyabashi Jiro, uko chini ya ardhi pale Ginza, mtaa wa kifahari wa Tokyo, kaunta yenye viti kama kumi hivi, ndiko Abe, waziri mkuu wa Japani wakati huo, alikompeleka Obama Aprili 2014, na mwaka 2019 Michelin, wale wanaotoa nyota kwa migahawa bora duniani, wakautoa kwenye kitabu chao, sio kwamba chakula kilishuka, ni kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kupata nafasi. Kwa hiyo jina weka pembeni kwanza, amua unataka kukaa kwenye mgahawa wa aina gani, siku gani, na mfukoni uko vipi, majina yatakuja yenyewe.

Tuanze na ile ya mkanda, kaiten, sahani za sushi zinapita mbele yako kwenye mkanda unaochukua mwenyewe, ambayo watu wanaidharau bila sababu. Hiyo kitu ilianzia Osaka 1958, jamaa mmoja anaitwa Yoshiaki Shiraishi aliona chupa za bia zinavyopita kwenye mkanda kiwandani akasema na sushi inaweza kupita hivyo hivyo. Kampuni kubwa zenye matawi mengi ni Sushiro, Kura na Hama Sushi, sahani za bei ya chini zinaanzia yeni mia na kitu, matawi ya katikati ya mji bei imepanda kidogo. Ila usitegemee kukuta sahani zinazunguka tu kama kwenye picha za zamani, maana Januari 2023 ilisambaa video ya kijana analamba chupa ya soya sosi mezani, ikawa kesi nchi nzima, na tangu hapo sehemu nyingi unaoda kwenye tableti (lugha unabadilisha hapo hapo) na sahani inakuja mbio mpaka mezani kwako. Kwako wewe mlaji ni afadhali, kwa sababu kilichokatwa sasa hivi ni bora kuliko kilichozunguka nusu saa. Ukitaka mkanda wa levo ya juu kidogo, Nemuro Hanamaru iko jengo la maduka la KITTE karibu na stesheni ya Tokyo, na Toriton iko kwenye maduka ya Solamachi chini ya mnara wa Skytree, zote asili yake Hokkaido, kisiwa cha kaskazini kwenye bahari ya baridi, na foleni zake si mchezo, chukua namba kwenye mashine halafu zunguka madukani urudi.

Kuna za kula umesimama, kama Uogashi Nihon-Ichi, unaingia, unaoda vipande viwili vitatu, unalipa, unaondoka, hakuna anayekuangalia vibaya. Na juu kabisa ndio omakase, unakaa mbele ya mpishi anakupa anachotaka yeye, jioni maeneo ya Ginza jiandae na yeni 20,000 mpaka 40,000 na kuendelea kwa mtu mmoja.

Mimi ningekwambia hela yako ya nguvu ipeleke katikati: mgahawa mdogo wa mtaani wenye kaunta, mpishi mmoja au wawili, wakati wa mchana. Migahawa mingi ambayo usiku inakula bajeti yako nzima mchana ina seti, vipande nane kumi na supu ya miso (ya soya iliyochachushwa), kuanzia yeni 1,500 hivi mpaka 4,000, na mkono ni ule ule. Hata baadhi ya zile kali za omakase mchana zinashuka. Watu wanasubiri usiku kwa sababu wanaona dina ndio yenyewe, wakati samaki aliyeingia asubuhi kaliwa saa sita.

Siku nayo ina mambo yake. Soko kubwa la samaki la Toyosu linafungwa Jumapili, sikukuu, na baadhi ya Jumatano, na migahawa mingi midogo inafuata kalenda hiyo hiyo, kwa hiyo ukiweka ratiba yako ya sushi Jumapili unaweza kuzunguka mtaa mzima unakuta mapazia yameshushwa. Kalenda ya soko iko wazi kwenye tovuti yao, iangalie kabla hujakata tiketi ya treni. Ila usiende mbali ukasema samaki asiyetoka sokoni leo ni mbovu. Sisi watu wa pwani tumezoea kwamba samaki ni wa leo au basi, huko kuna samaki wanalazwa makusudi kwenye baridi, jodari hasa, anakaa siku kadhaa nyama inalainika na ladha inakolea, kwa hiyo ukiulizia "freshi" kwa kila kipande utamkwaza mpishi bure.

Na hapo hapo kwenye soko, watu bado wanaelekezana Tsukiji, soko la zamani. Mnada wa jumla ulihama Tsukiji Oktoba 2018 ukaenda Toyosu, kilichobaki Tsukiji ni yale maduka ya nje, vibanda vya chakula, visu, mwani mkavu, pazuri kutembea asubuhi lakini pamejaa watalii na bei imejua hilo. Toyosu unashuka stesheni ya Shijo-mae laini ya Yurikamome, na usitegemee kama Feri pale Dar ambapo unapita katikati ya beseni huku maji ya samaki yanakurukia, Toyosu unaangalia kutoka juu kwenye vioo, safi kama hospitali. Mnada wa jodari ni kama saa kumi na moja na nusu mpaka saa kumi na mbili na nusu alfajiri, na kuona kwa karibu lazima uombe mapema mtandaoni kwa bahati nasibu. Ndio kwenye minada ya mwaka mpya pale mwenye migahawa ya Sushizanmai, Kiyoshi Kimura, Januari 2019 alinunua jodari mmoja wa kilo 278 kwa yeni milioni 333.6, samaki mmoja! Ni matangazo yale, usidhani ndio bei ya kila siku. Sushi Dai na Daiwa Sushi, zilizopata jina Tsukiji, zilihamia huko Toyosu, Sushi Dai foleni inaweza kuwa ya masaa, mimi sioni sababu, lakini kama ni ndoto yako amka mapema. Lile jengo jipya la Senkyaku Banrai lililofunguliwa Februari 2024 pembeni ya soko ni zuri kwa macho, bei za mabakuli ya samaki mle ndani zimewekwa kwa ajili ya mgeni, zisome kabla hujakaa.

Buking sasa. Mkanda na za kusimama huhitaji. Za mtaani mchana mara nyingi unaingia tu, ila nenda mlango unapofunguliwa, saa tano na nusu. Omakase lazima, wiki au miezi kabla, unapitia hotelini kwako waombe wakupigie, au tovuti kama TableCheck, Omakase na Tableall. Soma masharti ya kughairi, ukighairi dakika za mwisho wengi wanakata hela yote kwenye kadi, kwa sababu samaki wako kashanunuliwa. Na saa, jamani saa: wao wanaandika 17:00 na 19:30, sasa wewe kichwa chako kikizoea saa za Kiswahili, hiyo 17:00 ni saa kumi na moja jioni, andika kwenye simu kama ilivyo usiitafsiri kichwani. Kaunta ya watu nane wote wanaanza pamoja, ukichelewa dakika ishirini wanaokula wote wanakusubiri au wanakuacha.

Halafu marashi. Udi, oud za Dubai, pafyumu, siku hiyo acha hotelini. Kwenye kaunta ndogo harufu ya siki na samaki ndio nusu ya chakula, sehemu nyingine wanaandika kabisa kwenye masharti kwamba mwenye pafyumu kali haingii.

Kwa Waislamu hapa tukae kidogo, maana wengi wanadhani sushi ni samaki na wali basi hamna tatizo. Samaki sawa. Lakini mirin, ile sharubati ya kupikia yenye pombe kama asilimia 14, inaingia kwenye vitu vingi, kwenye yai la kukaanga la tamago, kwenye ule mchuzi mzito mtamu wanaopaka juu ya anago (mkunga wa baharini), wakati mwingine kwenye soya ya kupaka. Soya sosi yenyewe ikichacha inatoa pombe kidogo, na nyingi za dukani zinaongezewa pombe ili zisiharibike. Siki ya wali ni mjadala mwingine, ile nyekundu ya sushi za kizamani inatengenezwa kutokana na machicha ya sake (pombe ya mchele), kuna anayesema ikishakuwa siki imegeuka na siki imesifiwa kwenye hadithi za Mtume, kuna anayesema kaa mbali, muulize unayemwamini kabla hujasafiri, sio ukiwa umeshika vijiti. Cha kufanya: andikisha ujumbe kwa Kijapani kwenye simu, kwamba huli nguruwe, hunywi pombe na hutaki mirin, uutume wakati wa kubuku. Mpishi akijua mapema anaweza kukupangia, akijua umeshakaa anachanganyikiwa na atakupa tango. Soya sosi yenye alama ya halali ipo Japani, beba kichupa chako, na kama hujui pa kuanzia nenda duka la halali pale msikiti wa Tokyo Camii, Yoyogi-Uehara, swali hapo hapo halafu uliza wenyeji wanakula wapi.

Afya tutapita haraka. Mjamzito asile mbichi bila kuongea na daktari, na hata Wizara ya Afya ya Japani inawaambia wajawazito wapunguze jodari wakubwa kwa sababu ya zebaki. Kuna kaminyoo kanaitwa anisakis kanakaa kwenye samaki anayeitwa saba kwa Kijapani (jamii ya vibua), ngisi na bonito, kugandisha nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 kunakaua, siki na wasabi (ile ya kijani inayowasha puani) haviui. Ukiumwa tumbo vibaya masaa machache baada ya kula, nenda hospitali na uwaambie ulikula nini.

Sasa umekaa. Sushi uliyoizoea Masaki au Nairobi, ile mikunjo ya parachichi, mayonezi na salmoni, kwenye kaunta ya kizamani haipo. Hata salmoni mbichi yenyewe ilisukumwa Japani na Wanorwei kuanzia miaka ya 1980, wapishi wa mtindo wa Edo (jina la zamani la Tokyo) wengi hawaiweki. Tegemea jodari kwa mafungu yake, akami nyekundu, chutoro yenye mafuta kiasi, otoro mafuta tupu, halafu pweza, ngisi, kamba, na uni, yale manjano ya ndani ya yule mdudu wa miiba anayewachoma watu miguu ufukweni kwetu, ghali kweli kweli na hapa nyumbani tunamlaani tu. Ukitaka kumjua mpishi muombe kohada, kasamaki kadogo ka ngozi ya fedha yenye madoadoa, kanatiwa chumvi kisha siki, na muda wa siki anaujua yeye kwa unene wa samaki na joto la siku. Rahisi, na kakikosewa hakafichiki.

Angalia mikono yake. Anachota wali, anaubonyeza mara mbili tatu, anabandika samaki, anapitisha brashi ya soya juu, anakuwekea mbele yako. Wali una uvuguvugu na samaki ana ubaridi, na hiyo tofauti inadumu muda mfupi sana, kwa hiyo usianze kupiga picha kumi na mbili. Mkono unaruhusiwa, tena wengi wanakula hivyo, kwa hiyo kama vijiti vinakusumbua usione aibu. Akishapaka soya usichovye tena, na kama hajapaka basi geuza uchovye upande wa samaki, wali ukilowa unamwagika wote kwenye kisahani. Wasabi tayari iko ndani, kama huiwezi sema "sabi nuki" (bila wasabi) mwanzoni. Tangawizi ni ya kusafisha mdomo kati ya kipande na kipande, sio kachumbari ya kuweka juu.

Hela: beba keshi, za mtaani nyingine hazina kadi kabisa. Bei ya menyu angalia kama kodi imo, kula ndani ni asilimia 10, kubeba ni 8. Tipu hakuna, ukiacha hela mezani atakukimbilia barabarani akurudishie.

Na kama bajeti imeisha, shuka chini ya maduka makubwa kama Isetan au Takashimaya, ghorofa ya chakula, au supamaketi yoyote ya mtaani, jioni kuelekea kufunga mfanyakazi anapita na stika za punguzo, kwanza asilimia 20, baadaye nusu bei. Sushi ya supamaketi ya huko inazidi nyingi unazolipia kwa dola kwetu. Usimfuate yule mwenye stika kisogoni, subiri kwa adabu kama wengine, ila usisubiri sana maana bibi wa mtaa huo anajua saa kuliko wewe.