Kutunga maswali ya fasihi na maneno kwa chemshabongo ya televisheni

Kati ya duru zote ninazoziandikia maswali, inayoniumiza kichwa ni ya fasihi na maneno. Soka ina takwimu, jiografia ina ramani. Neno la Kiswahili lina wenyewe kuanzia Lamu hadi Lubumbashi, na kila mwenyewe yuko tayari kupiga simu studio. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Anza na jibu

Tafuta kwanza jibu litakalomfanya mtazamaji apige paja akilisikia. Swali litafuata.

Chukua neno "gereza". Asili yake ni igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ukiuliza "Gereza limetoka lugha gani?" umeliua swali, maana mshiriki atabahatisha tu: Kiarabu, Kireno, Kijerumani. Ligeuze: "Wareno walipolitamka walimaanisha kanisa. Leo ukifungiwa humo, hutoki mpaka umalize kifungo. Ni neno gani?" Sasa hata asiyejua Kireno anaweza kulifikia kwa akili yake.

Ukichimba utakuta mengine matamu. Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hayo mwandikie mtangazaji ayaseme baada ya jibu. Usiyarundike ndani ya swali.

Hatua ya 2: Kidokezo kigumu kitangulie

Kama washiriki wanagombania kengele, swali lifunguke polepole:

"Mwaka 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Kabla ya hapo, mwaka 1963, alikuwa ametoa tafsiri ya Julius Caesar. Miaka yote hiyo kazi yake ya mchana ilikuwa kuongoza nchi. Ni nani?"

Msomaji wa tamthilia atabonyeza kwenye sentensi ya kwanza na kuvuna haki yake. Wengine watamfikia Nyerere mwishoni. Ukianza na urais, swali la fasihi limegeuka la uraia.

Hatua ya 3: Hakikisha jibu ni moja

"Taja kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1974." Linaonekana safi, sivyo? Mwaka huo kuna riwaya, Kichwamaji, na kuna diwani ya mashairi, Kichomi. Ongeza neno moja tu, "riwaya" au "diwani", na mgogoro umekwisha.

Kagua pia maneno uliyoyaandika kwa mazoea. Ukiandika "mwandishi wa Kiswahili aliyepata Tuzo ya Nobeli" ukimkusudia Abdulrazak Gurnah, umekosea. Ni mzaliwa wa Zanzibar, alishinda mwaka 2021, lakini riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza.

Hatua ya 4: Lipitishe kwa watu wa pwani, bara na ng'ambo ya mpaka

Hapa niliwahi kuaibika. Niliandika: "Bibi yako ni nani kwako?" Jibu kwenye kadi: mama wa mzazi wangu. Mshiriki kutoka Kenya akajibu bila kusita, "Mke wangu." Jaji akampa kosa, ukumbi ukaguna, na kijana wa watu alikuwa sahihi kabisa kwa matumizi ya kwao. Tulirudia kurekodi.

Ungedhani nilijifunza. Wiki chache baadaye nikaleta "neno moja linalotaja mama wa mzazi na kiungo cha mchuzi", nikitaka "nyanya". Mkenya alicheka kwa urahisi wake. Mtanzania, ambaye kwao huyo mama ni bibi, alibaki ameduwaa, na Mzanzibari akauliza kama tunamaanisha tungule, ndivyo wanavyoiita nyanya ya mchuzi kwao. Siku hizi kadi ya jaji ina mstari wa pili: "majibu mengine yanayokubalika". Nikiona mstari huo unazidi kurefuka, swali nalitupa.

Hatua ya 5: Kwa mchezo wa maneno, iga kitendawili

Kiswahili kina utajiri wa maneno yenye sura moja na maana nyingi, na watazamaji wetu wamekulia kwenye "Kitendawili! Tega!" Kwa hiyo tega:

"Porini nina miguu minne. Mjini nakukinga na mvua. Rubani hunifanya akiondoka uwanjani, na mpishi humfanyia samaki mwenye magamba."

Jibu ni "paa". Zingatia mpangilio: nomino mbili kwanza, vitenzi viwili baadaye, ili msikilizaji ahisi mlango ukibadilika. Yule samaki ndiye kiungo chenyewe. Wengi wa mjini hununua samaki aliyekwisha kupaliwa magamba, kwa hiyo maana hiyo huwaponyoka hadi waisikie. "Panda" na "kaa" pia hufaa, ila zimeshatumika sana mashuleni.

Hatua ya 6: Soma kwa sauti, ukiwa umesimama

Swali langu lazima liishe ndani ya sekunde kumi na mbili. Likizidi, nakata kivumishi.

Kisha tia alama za mkazo kwenye karatasi ya mtangazaji. Ukiuliza tofauti ya barabara ya magari na "barabara" ya kusema sawasawa kabisa, yote yamo kwenye sauti: ya kwanza mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ya pili uko kwenye ya tatu kutoka mwisho. Mimi huandika silabi hiyo kwa herufi kubwa, baraBAra na baRAbara, halafu namwomba mtangazaji anisomee mara mbili kabla taa hazijawashwa.