Kupuliza mbabula kabla ya serumu

Mwanangu ana miaka 7 na kansa ya figo. Hapa Bukavu ni mimi ninayelala naye hospitali. Ilifika mahali akawa anatapika tangu mlangoni, akisikia tu harufu ya alkoli, dawa yenyewe bado haijafunguliwa. Muganga, yaani daktari wake, akasema mwili umeshajifunza kuogopa, tuufundishe kitu kingine: kupumua, kulegeza misuli na kusafiri kwa mawazo.

Usianzie siku ya serumu, ile dripu ya dawa ya kansa. Anza nyumbani, jioni, tumbo likiwa limetulia, siku nne tano mfululizo. Mimi nilianza katikati ya kutapika, akaniambia, "Mama, nyamaza."

Pumzi nilimfundishia mbele ya mbabula, jiko letu la makaa. Ukipuliza kwa nguvu, majivu yanakurukia machoni. Ukipuliza polepole, kaa linawaka. Basi avute hewa kwa pua mpaka mkono aliouweka juu ya kitovu uinuke, halafu apulize kaa lake polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyovuta. Mara tano, apumzike, arudie. Akisema kichwa kinazunguka au midomo inamwasha, anapuliza haraka mno. Mwache apumue kawaida. Hospitalini anasimamisha kidole, hicho ndicho kaa.

Kisha misuli. Akunje ngumi kama anayekamua shuka, hesabu mpaka tano, aachie mkono udondoke. Mabega, uso, vidole vya miguu, vivyo hivyo. Mkono wenye sindano uache kabisa. Tumbo pia: uvimbe wa figo haukandamizwi wala haukazwi.

Mwisho afumbe macho, mwende mahali kwa mawazo. Hapa nilikosea. Nilimpeleka ziwani, kwenye mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanaimba, maji yanapanda na kushuka... akatapika! Nani anamtikisa mgonjwa wa kichefuchefu? Siku iliyofuata nikamuuliza yeye anataka wapi. Akachagua kwa nyanya yake Kabare, chini ya migomba, asubuhi yenye baridi. Sasa namuuliza vitu vidogo vidogo: majani yana umande? Ng'ombe amefungwa wapi? Jogoo ni wa rangi gani? Chakula sitaji kamwe.

Tunaanza robo saa kabla enfirmye (muuguzi) hajaja, na dawa ya kuzuia kutapika ameshapewa. Hiyo dawa usiiache eti mtoto anajua kupuliza. Kwetu kutapika hakujaisha, ila kule kwa mlangoni kumekwisha, na usiku analala.

Homa ya 38 si ya kupulizia mbabula, kimbia hospitali hata kama ni saa nane usiku. Vinkristini, moja ya dawa za kansa, nayo inafunga choo na kutia ganzi miguuni. Hayo mwambie muganga.

Nikichoka, yaya yake, yaani mkubwa wake, ananipokea. Katika hadithi zake ng'ombe wa nyanya huingia darasani akakaa dawati la mbele, na mgonjwa anacheka mpaka enfirmye anamwomba atulize mkono.