Namna ya kupima hoja kuhusu deni la taifa

Mmoja anasema deni limepaa mno, mwenzake anasema deni bado ni himilivu, yaani nchi inaweza kulibeba, na wote wanatumia takwimu za mwaka uleule. Huhitaji shahada ya uchumi kujua nani ana hoja. Chukua hotuba ya bajeti, taarifa ya deni ya wizara ya fedha, ripoti ya benki kuu na kikokotoo.

Hakikisha kwanza mnazungumzia deni moja. Katika baadhi ya nchi "deni la taifa" hujumuisha mikopo ya nje ya kampuni binafsi, ilhali "deni la serikali" halijumuishi. Ukichukua hili la mwaka jana na lile la mwaka huu, utapata ongezeko ambalo halipo. Kisha tafuta kilichoachwa nje: malimbikizo ya wazabuni na makandarasi, na mikopo ya mashirika ya umma iliyodhaminiwa na serikali. Jambo hili si dogo hata kidogo. Msumbiji ilidhamini mikopo ya kampuni za umma mwaka 2013 na 2014 bila idhini ya bunge. Ilipofichuka mwaka 2016, zaidi ya dola bilioni 1 ziliongezeka kwenye deni ambalo watu walidhani wanalijua, na Shirika la Fedha la Kimataifa likasitisha msaada wake.

Sasa piga hesabu. Tuseme deni ni 500 na pato la taifa ni 1,000, yaani asilimia 50. Wastani wa riba ni asilimia 8, hivyo riba ya mwaka ni 40. Ukiondoa riba, matumizi ya serikali yamezidi mapato kwa 20. Deni la mwaka unaofuata litakuwa 560. Pato la taifa likikua kwa asilimia 10, mfumuko wa bei ukiwa ndani yake, litafika 1,100, na uwiano utakuwa asilimia 50.9. Likikua kwa asilimia 5 tu, uwiano utakuwa asilimia 53.3. Mikopo ni ileile, riba ni ileile. Kilichobadilika ni kasi ya uchumi. Kosa la kawaida hapa ni kuchukua ukuaji halisi, yaani uliokwishaondolewa mfumuko wa bei, na kuulinganisha na riba ambayo haijaondolewa. Ama uondoe mfumuko pande zote mbili, ama uuache pande zote mbili.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka, nami naiona nzito kuliko zote: sarafu. Katika mfano wetu, tuseme nusu ya lile deni la 560 ni la dola. Dola ikipanda bei kwa asilimia 20, ile nusu ya 280 inakuwa 336. Deni lote linafika 616, na uwiano unaruka hadi asilimia 56 hata kama uchumi umekua kwa ile asilimia 10. Ongezeko hilo la 56 linakaribia mkopo mpya wa mwaka mzima, na hakuna barabara wala zahanati iliyojengwa kwa fedha hizo. Ndiyo maana Japani inabeba deni linalozidi asilimia 200 ya pato lake, kwa kuwa linadaiwa kwa yeni na sehemu kubwa linashikiliwa na Wajapani wenyewe, wakati Zambia mwaka 2020 na Sri Lanka mwaka 2022 zilishindwa kulipa madeni ya nje zikiwa na uwiano wa chini sana kuliko huo. Deni la ndani nalo lina hatari zake: likiwa la dhamana za muda mfupi, serikali hurudi sokoni kila baada ya miezi michache kukopa ili ilipe, na benki zinazopata riba nono bila jasho hupunguza mikopo kwa wafanyabiashara.

Deni hulipwa kwa kodi, halilipwi kwa pato la taifa. Kwa hiyo gawanya riba kwa mapato ya ndani. Serikali inayokusanya asilimia 15 ya pato la 1,100 ina 165. Riba ya 40 inachukua asilimia 24. Inayokusanya asilimia 30 inatoa asilimia 12 tu. Uwiano wa deni ni mmoja, lakini maisha ya wizara ya afya katika nchi hizo mbili hayafanani. Ongeza pia mikopo inayoiva mwaka huo, maana riba ni sehemu tu ya gharama ya kuhudumia deni.

Ukiambiwa deni liko chini ya "ukomo", uliza ukomo upi. Tathmini ya uhimilivu ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia kwa nchi za kipato cha chini haitumii deni kama lilivyoandikwa kwenye mikataba, hutumia thamani yake ya sasa, yaani malipo ya baadaye yakigeuzwa kuwa thamani ya leo. Kwa punguzo la asilimia 5 kwa mwaka linalotumika humo, dola 100 zisizo na riba zitakazolipwa baada ya miaka 20 zina thamani ya karibu dola 38 leo. Ukomo wa deni lote la umma ni asilimia 35, 55 au 70 ya pato la taifa, kulingana na uwezo wa nchi kubeba deni. Kuchukua deni la kwenye mikataba na kulipimia kwenye ukomo wa 55 ni kosa. Pato la taifa nalo hubadilika likikokotolewa upya kwa mwaka mpya wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake ndizo kipimo: la Nigeria liliongezeka kwa asilimia 89 mwezi Aprili 2014, na uwiano wa deni ukashuka bila naira moja kulipwa.

Bado utasikia kwamba deni likivuka asilimia 90 uchumi hudumaa. Chanzo chake ni utafiti wa Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa mwaka 2010. Mwaka 2013, Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin waliurudia wakakuta nchi tano zimeachwa kwa kosa la fomula, pamoja na kasoro nyingine za data na uzani. Wastani wa ukuaji wa nchi zilizovuka asilimia 90 ukatoka asilimia -0.1 hadi 2.2. Swali la kipi kinatangulia, deni kubwa au uchumi kudorora, halijafungwa.

Malizia na makadirio. Kila tathmini ya uhimilivu hubeba ukuaji unaotarajiwa. Chukua makadirio ya miaka mitano iliyopita, yaweke kando ya ukuaji uliotokea, upate wastani wa tofauti. Kama yamekuwa yakizidi kwa pointi 2 kila mwaka, rudi kwenye hesabu ya juu, weka 1,080 mahali pa 1,100, na asilimia 50.9 itasomeka 51.9. Rudia kwa miaka kumi.