Kwenye daladala, angalia jua kwanza

Wa daladala za Dar, kabla hujagombania siti ya dirishani, jiulize jua liko wapi. Mimi nilichelewa kujua. Miezi mitatu natoka Tegeta kwenda Mwenge asubuhi, nakaa dirisha la kushoto, najiona mjanja. Siku moja rafiki yangu kazini akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anachagua embe sokoni: "Ndugu yangu, mbona umeiva upande mmoja?"

Hesabu yake ndogo tu. Asubuhi kutoka Tegeta unaelekea kusini, jua la mashariki linakupiga kushoto. Jioni unarudi, nalo limeshahamia magharibi, ambako kwako ni kushoto tena! Basi kaa upande wa dereva, kwenda na kurudi. Wa Mbagala mnaokwenda Kariakoo ni kinyume: nyie kaeni upande wa mlango, ingawa hapo konda atakuwekea kwapa usoni safari nzima.

Na ukikuta watu wamesimama halafu siti ya dirishani iko wazi, usifurahi haraka. Ipapase kwanza. Ama inaunguza, ama imelowa.