Kupunguza kasi ya kuzeeka kwa seli: mwongozo kwa watu wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki

Kamba ya nailoni ikikatwa, mvuvi huichoma ncha kwa moto isifumuke. Kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, nazo zina ncha zinazozikinga, zinaitwa telomea. Kila seli inapogawanyika, ncha hizo hupungua kidogo, na zikiwa fupi mno seli huacha kugawanyika. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za binadamu zinazooteshwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, basi. Mwendo huo hauzuiliki. Tunachoweza kupunguza ni mambo yanayouharakisha.

Anza na moshi. Sigara huharibu DNA (kemikali ya urithi iliyo ndani ya kromosomu) moja kwa moja na kuuacha mwili na uvimbe wa ndani usioisha. Siku tatu za mwanzo za kuacha ndizo ngumu zaidi. Zipange siku ambazo huendi ziwani, na kiberiti kisikae mfukoni. Usihamie ugoro, nao huleta saratani. Ukiacha mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka karibu nusu. Wanaokausha samaki kwa moshi watumie kuni kavu, kwani mbichi hutoa moshi mzito, na wakae upande unakotoka upepo. Mafuta ya kukaangia sangara yakigeuka meusi, yakitoa povu au moshi kabla ya kuweka samaki, yamwage. Kuongeza mapya juu yake hakuyaponyi.

Usingizi ndio unaowaumiza zaidi wavuvi wa dagaa, wanaokesha usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Mwili unahitaji saa 7 au zaidi, na vipande vya saa mbili mbili havilingani na saa hizo zikiunganishwa. Ukirudi saa moja asubuhi, kabidhi mzigo, kula chakula chepesi, ulale kabla ya saa tatu. Ziba dirisha kwa blanketi zito (khanga moja hupitisha mwanga), shusha chandarua, na simu ibaki chumba kingine. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa sita usiku, maana kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Wengi hunywa pombe ili walale. Usingizi huja upesi kweli, lakini hukatikakatika, na mtu huamka amechoka kuliko alivyolala.

Sukari ya ziada hunata kwenye kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na mishipa, ikaikakamaza. Soda ya mililita 350 ina takribani vijiko tisa vya chai vya sukari. Kwenye chai punguza nusu kijiko kila wiki; anayekata yote siku moja huenda akarudi palepale.

Jua la ziwani hupiga mara mbili: juu, na likirudi kutoka majini. Kofia ya pama yenye ukingo mpana pande zote na shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana hukinga kuliko kapelo na fulana. Mwenye ualbino aongeze mafuta ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi, apake upya kila saa mbili na kila akilowa. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa wiki nne kisitiwe dawa za kienyeji. Kionwe hospitali, na hospitali ya Bugando, Mwanza, kuna madaktari wa ngozi.